Harusi ni Chaka ama Chuka?

Nilikuwa kwenye duka la kupiga chapa mjini Nyeri msichana alipoingia kuomba kazi ya uchoraji, kwapani faili la kazi zake. Mwenye duka akalifungua, akatua kwenye kadi ya harusi yenye maua pembeni na herufi zilizojisokota kama maharagwe yakipanda mti. Akamwita mteja mmoja, mama mwenye kikapu cha kiondo begani.

"Mama, hebu soma. Harusi ni wapi?"

Mama akaisogeza kadi mbali na macho. "Ati Chuka? Huko ng'ambo ya mlima?"

"Ni Chaka, hapa karibu," msichana akanong'ona.

"Wageni wangepotea wote!" Mwenye duka akafunga faili. "Urembo peke yake si kazi."

Nikachemka. "Mzee, si ufike mwisho kwanza?"

Akafungua tena, shingo upande. Mwisho kabisa palikuwa na kadi ya kliniki: herufi nene, nafasi pana za kujaza, bila ua hata moja.

"Hiyo niliificha," msichana akasema. "Haipendezi."

Mama akaisoma yote kwa sauti, mpaka siku ya chanjo. Kisha akairudia ile ya harusi, akayapapasa maua yake. "Wangu anaolewa Desemba. Nipatie hii ya maua, lakini uandike na mwandiko ya ile ingine."

Mwenye duka akamsukumia msichana stuli. "Umesikia mteja. Keti, uanze."

Walimu wa uchoraji wanaotafuta mtahini, yuko mmoja Nyeri. Amebeba kiondo.