Mkaa Uliopimwa Ulaya

Mzungu mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuja kufukua kaburi letu karibu na Kiomboi, miaka ya mwisho ya Mwingereza, alikuwa na barua ya Bwana Shauri mtawala wa wilaya, mahema mawili na mimi. Nilikuwa mkalimani wake, kwa kuwa nilisoma misheni na nilijua kuitikia upuuzi bila kucheka.

Kaburi lenyewe lilikuwa rundo la mawe mlimani, juu ya shamba la bibi yangu. Bibi alimweleza kwa upole kwamba aliyelala pale ni babu wa marehemu mumewe, na ndiye tunayemwomba mvua. Mtaalamu akatabasamu, akasema mawe yale yaliwekwa na watu wa kale sana waliokwisha kupotea, na kwamba sisi ni wageni tu hapa. Bibi, aliyezaa watoto tisa palepale, akaniuliza huyu bwana mwenyewe katokea wapi.

Basi akafukua. Mifupa ikaingia sandukuni Bibi akilia, na mimi niliyeshika kamba ya kupimia niliona aibu ambayo haijaniisha hadi leo. Mwenzetu alikuwa anashangilia vipande vya mkaa alivyovichokoa chini ya mawe. Alinieleza kwamba ndani ya mkaa kuna kitu kinachopungua polepole miaka yote; maabara ya Ulaya ikipima kilichobaki, umri wa kaburi utajulikana. Nikamuuliza, je, ukionekana si wa kale? Akasema basi mifupa haitamfaa kitu, ataturudishia.

Hapo nikafunga mdomo. Mvua ikichelewa, ukoo wetu huchoma kondoo mweusi pale, kisha mkubwa wa ukoo husukuma mkaa katikati ya mawe hadi mkono unapoishia, ili marehemu naye apate moto wake. Kijiji kizima kilijua. Mtaalamu alijaza madaftari matatu na hakumuuliza mtu. Mkaa wake ulitokana na kondoo niliyemla mwenyewe, tena nyama ilikuwa ngumu.

Majibu yalikuja baada ya miezi mingi: mkaa ni wa juzi. Aliniambia kwa sauti ya mfiwa, nami nilifurahi mpaka nikajificha nyuma ya hema. Ahadi yake aliitimiza. Alileta sanduku mwenyewe hadi nyumbani kwa Bibi, akamrushia "jambo" yake, ajuza mwenye umri wa kumzaa.

Bibi akagusa mfupa mmoja mmoja, kisha akaniambia nimuulize kichwa kiko wapi. Akajibu kwamba fuvu lilikwenda Ulaya pamoja na mkaa na limebaki huko. Wapo wenzake wanaopima mafuvu, na kwao la kale na la juzi ni sawa.

"Mwambie," Bibi akasema, "mvua ikikosa mwaka huu tutamwomba nani? Miguu?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Mtaalamu akatoa daftari, akaniomba nirudie polepole ili apate kuandika.