Vijiti Tisa vya Shangazi Nabukeera

Nitawaeleza habari za Nabukeera, na sitajitia unafiki wa kusema nilimpenda. Hapa Butenzi hakuna binti aliyeolewa bila kupita mikononi mwake, nami nilipita. Alinifundisha kupiga magoti, kufunga mdomo na kumwogopa yeye. Mawili ya kwanza nimeyasahau.

Alikuwa na mambo mawili ya kujivunia: kiuno chake na udongo wake. Kiuno, kwa sababu alizaa watoto saba juu ya majani ya mgomba nyuma ya nyumba, bila nesi, bila glavu, bila kupiga kelele. Saba hao hakuacha kuwataja kwenye harusi hata moja. Hakutaja kwamba waliowahi kutembea ni wanne.

Udongo aliuchimba bondeni, akaukanda na majani aliyokataa kuyataja majina, akafinyanga vijiti vya urefu wa kiganja na kuvianika juu ya bati kuukuu, mahali ambapo kila anayekwenda kisimani lazima avione. Mjamzito hukisugua kijiti juu ya jiwe, akakoroga unga wake na maji, akanywa. Eti hulainisha mifupa na kuita uchungu haraka. Bibi zetu walivinywa. Mimi pia nilivinywa mimba zote tatu, na mpaka leo sijui vilinisaidia nini.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, na kati ya baraza hiyo na nyumba ya Sempala kuna ua wa michongoma tu. Sempala ni mtoto wa kaka yake Nabukeera, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miaka thelathini na sita ambaye hajawahi kununua hata kuku bila kumuuliza shangazi yake rangi ya kuku.

Mkewe, Nakafeero, aliposhikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, mtoto alikuwa amekingama tumboni. Alihangaika siku mbili. Hospitali ya misheni wakampasua, wakamtoa binti mzima, analia. Kesho yake Nabukeera akafika na kikapu cha matoke. Hakumtazama mtoto. Alilinyanyua shuka la mzazi mbele ya wodi nzima, akaitazama bandeji, akacheka puani.

"Ehee! Wamekupasua kama kambare! Mtoto mmoja tu, umeshindwa kumsukuma?"

"Shangazi, alikuwa amelala vibaya."

"Wangu wa tatu naye alilala vibaya. Nilimwamsha."

Wodi ikacheka. Mimi sikucheka, maana wa tatu ni mmoja wa wale wasiowahi kutembea.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaketisha mume na mke. Nilikuwapo, nimembeba mtoto. "Mji wako wa mimba ni mzima," alimwambia Nakafeero. "Utazaa tena ukitaka. Ila lipe kovu nafasi ya kupona. Mwaka mmoja na nusu usishike mimba, miwili ni bora. Ukishika, njoo mapema, na usijifungulie nyumbani. Huenda ukasukuma mwenyewe, huenda tukapasua tena, tutaamua tukikuona. Na dawa ya kuharakisha uchungu, iwe ya dukani iwe ya shambani, usiiguse. Kovu likichanika ndani, unakufa wewe na mtoto."

Sempala alitikisa kichwa kukubali mpaka nikahofia shingo. Wakapatana mke atumie sindano ya kuzuia mimba, na kila miezi mitatu Sempala alimpeleka mwenyewe kwa baiskeli.

Mwaka ulipopita na tumbo bado bapa, Nabukeera akaanza. Kila Jumapili akitoka kanisani alipitia pale, anaandaliwa chai, anaitazama kazi ya mikono ya Nakafeero na kuisonya.

"Sempala mwanangu, kule hospitali walipitiliza, wakashona mpaka mfuko wenyewe. Hapa umebakiwa na mpishi. Kuna binti mmoja nimemwona huko Mityana, nyonga zake hizi hapa!" Akaonyesha kwa mikono, upana wa mlango.

Na Sempala akacheka. Mtu aliyejua sababu, aliyeendesha baiskeli kuifuata sababu hiyo, alikaa kwenye kiti chake akamwacha mkewe aitwe tasa, akacheka! Nimewadharau wanaume wengi maishani, lakini huyu nimemdharau kwa kituo.

"Mwambie ukweli yule bibi," nilimshauri Nakafeero juu ya ua.

"Nikimwambia tumezuia, atasema naua watoto wa ukoo. Na Sempala atasema ni mimi peke yangu." Aliendelea kumenya ndizi. "Nataka mtoto mwingine, dada. Na nataka kulala kwangu, nisirudishwe kwetu. Acha waseme."

Miaka miwili ilipotimia akaacha sindano, na baada ya miezi mitano akashika mimba. Nani aliyejisifu? Nabukeera! Alisema ni sala zake na udongo wake. Kuanzia hapo kila alipokuja alileta kijiti kimefungwa kwenye ganda la mgomba, na Nakafeero alikipokea kwa mikono miwili, magoti chini.

"Kile cha juzi umekimaliza?"

"Nimekimaliza, Shangazi. Asante."

Vyote tisa vilikuwa sandukuni, chini ya nepi.

Wiki mbili kabla ya siku zake aliaga kwamba anakwenda kumsalimu mama yake, ambaye kwa bahati njema anakaa ng'ambo ya barabara kutoka hospitali ya misheni. Uchungu ulipoanza akaingia wodini kwa miguu yake. Walimchunga kila saa, chumba cha upasuaji kiko tayari, na baada ya muda wa saa kumi na moja akasukuma mvulana mwenyewe. Nilipopata habari niliacha gauni la gomesi la mtu kwenye cherehani, nikapiga vigelegele peke yangu.

Nabukeera alipopata habari aliongeza bati la pili la kuanikia.

Akawa haachi kulisema. Mwanamke aliyepasuliwa amezaa kwa njia yake! Udongo umelifungua kovu la hospitali! Wanawake walikuja hata kutoka vijiji vya jirani. Hapa Butenzi tuliojua ukweli, wa vijiti na wa wodi, ni watu watatu: Nakafeero, mumewe na mimi, na sote tuliufyata. Mimi nilijiambia si nyumba yangu. Kwa hiyo mnapogawa dharau, na mimi mnibakizie.

Siku ya kumpa mtoto jina la ukoo, uwanja ulijaa. Luwombo ya kuku aliyepikwa ndani ya majani ya mgomba, matoke yamefunikwa, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Katikati ya shughuli Nabukeera akasimama, akamshika mkono Nantume, mke wa fundi baiskeli. Nantume alipasuliwa mwaka uliopita, na hata kovu halijazoea kuitwa kovu, tayari alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Mtazameni huyu!" alisema Nabukeera. "Mama mkwe wake amemleta kwangu. Ameanza dawa jana, kuanzia sasa atakunywa kila siku, na siku yake ikifika atazalia kwangu, kwenye mkeka wangu. Atasukuma mwenyewe kama Nakafeero! Hospitali tumewaachia wavivu."

Watu wakapiga makofi. Nantume alikuwa anatabasamu, maskini, mkono juu ya tumbo.

Nakafeero alinipa mtoto. Akaingia ndani. Nilijua anakwenda sandukuni. Alirudi na furushi, akapiga magoti mbele ya Nabukeera kama alivyofundishwa, akalifungua, akavipanga vijiti mkekani kimoja kimoja. Tisa. Hata kimoja hakikuwa kimesuguliwa.

"Shangazi, sikunywa."

Nabukeera aliuachia mkono wa Nantume.

"Nini?"

"Sikunywa hata kimoja. Nilizuia mimba miaka miwili ili kovu lipone. Kisha nikaenda hospitali, wakanichunga mpaka nikazaa. Nantume, usinywe tena kitu hiki. Kovu lako bado bichi. Utachanika."

Nabukeera alimgeukia mtoto wa kaka yake. "Sempala! Wewe ulijua haya?"

Sempala alikuwa na paja la kuku mkononi. Alilitazama, akamtazama mkewe aliyepiga magoti, akalitazama tena paja la kuku. "Mimi, Shangazi... unajua mambo ya kina mama..."

Hata wanaume wenzake walisonya.

Ndipo yule bibi akainama, uso umejaa jasho, akavisukuma vijiti kwa ncha ya kidole. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo. "Kama si dawa yangu, basi mtoto huyu kazaliwa na nani?"

"Na mimi, Shangazi," alisema Nakafeero.

Usidhani mambo yalikwisha vizuri. Nabukeera hakukanyaga pale miezi minne, na Sempala alinuna kama yeye ndiye aliyetukanwa. Binti wa Mityana alitajwa tena, akaja hata kutazamwa. Alimtazama Sempala, akarudi kwao.

Na Nantume? Jumatatu iliyofuata Nakafeero alimpeleka mwenyewe kliniki. Siku yake ilipofika madaktari waliona kovu ni jembamba mno, wakampasua tena, wakatoa binti. Nabukeera alikwenda kumtazama, maana kukaa nje ya habari ya mtu hakuwezi. Aliingia na kikapu chake cha matoke, akakiweka chini, na kabla ya salamu akanyoosha mkono kwenye shuka.

Nantume, na mshono wake wa siku moja, alilikamata shuka kwa mikono miwili.

"Mtoto yuko kule, Shangazi," alisema. "Mtazame mtoto."