Saa Mbili Asubuhi ya Kompyuta

Meneja wetu anawaambia watu kwamba tangazo lile lilipotea kwa sababu mimi nilitaka Kiswahili. Analisema hilo mbele ya wageni, tena analisema kwa Kiswahili, na hakuna hata mmoja anayecheka. Mimi damu inanichemka kila nikimsikia. Kwa hiyo nitaeleza mwenyewe jinsi ilivyokuwa.

Nasoma matangazo katika redio yetu ndogo hapa Garsen, kwa Kiswahili na Kipokomo. Mengi ni ya ng'ombe waliopotea, mikutano ya wakulima, na vifo. Hayo ya vifo ndiyo yanayonifanya niipende kazi hii. Ukanda wetu huu wa delta, mvua ikinyesha kidogo tu simu hazishiki, lakini redio inashika. Mtu akifa Tarasaa, wa Chara anajua kupitia sauti yangu. Kwetu Waislamu maiti haikai. Tangazo likichelewa, mtu anakuta kaburi limeshafukiwa.

Na yalikuwa yakichelewa, maana sikuruhusiwa kuyapanga mwenyewe. Nilikuwa narekodi, halafu namsubiri fundi ayaingize kwenye ile programu inayorusha vipindi kwa zamu, kila kimoja kwa saa yake. Programu yote ilikuwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Fundi akienda zake Malindi, wafiwa wanakaa kwenye benchi la nje wakinitazama, na mimi nawatazama. Nilikuwa naona aibu ambayo haikuwa yangu.

Nikaomba programu iwekwe Kiswahili. Meneja akasema haiwezekani: ukibadilisha lugha, kompyuta nzima inageuka, na wenzangu wote watapotea njia. "Na wageni wakija," akaongeza, "watatuonaje?" Nikanyamaza, nikidhani anajua anachosema. Nilinyamaza muda mrefu mno.

Kumbe hakujua lolote. Kompyuta zetu zinatumia mfumo wa Linux, na siku moja fundi, labda kwa kuchoka na manung'uniko yangu, aliniita nitazame. Alifungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akaandika LANG=sw_KE.UTF-8, akaacha nafasi, kisha jina la programu. Mstari mmoja tu. Programu ikafunguka na Kiswahili chake chote: Hifadhi, Futa, Ratiba, Rusha Sasa. Pembeni, barua pepe za meneja zilibaki na Kiingereza chake, wala hazikushtuka. Fundi akanitengenezea alama yangu kwenye skrini, bila kumwambia meneja, nikiibonyeza inafunguka hivyo hivyo.

"Hiki Kiswahili umekileta leo?" nikamuuliza.

"La, mama. Kilikuwemo tangu mwanzo."

Kilikuwemo! Kuna watu mahali fulani walikaa wakatafsiri neno baada ya neno, bila mshahara pengine, ili mtu kama mimi asome, na sisi tumekifungia ndani miaka yote kwa sababu ya kuogopa wageni ambao hawaji ila mara moja moja. Nilitaka kufurahi lakini hasira ilitangulia. Furaha ilikuja baadaye, nilipopanga tangazo langu la kwanza, la fahali aliyepotea Minjila, na likatoka vizuri. Sawa, nililibonyezea Rusha Sasa, sikuhitaji kuandika saa. Lakini nililipanga mimi.

Ndipo akafariki yule bibi wa Minjila. Alikuwa mama wa Kiorma, jirani yetu, ambaye maziwa yake tumeyanywa nyumbani kwetu tangu mimi mdogo. Alikata roho alasiri. Ndugu yake akaja studio jua likizama, akiwa bado na vumbi la njiani, akaniambia mazishi ni kesho baada ya sala ya adhuhuri. Marehemu alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa upande wa Chara, na simu yake haikupatikana.

"Yeye ndiye wa kumwosha mamake," akasema yule mzee. "Weka asubuhi. Asubuhi yeye iko na redio."

Nikarekodi. Kisha nikafungua programu yangu. Kisanduku kiliandikwa Saa, na kando yake cha kuchagua: asubuhi au alasiri. Nikaandika mbili, nikachagua asubuhi. Nikapanga tena saa tatu asubuhi, na saa nne asubuhi, ili asilikose. Nikabonyeza Hifadhi, nikaenda nyumbani roho ikiwa imetulia.

Nani angefanya vingine? Nauliza kwa dhati. Kwenye simu yangu ya Kiingereza nikiona nane najua ni saa mbili, nageuza kichwani bila hata kufikiri, kama watu wote wa hapa. Lakini ukiniuliza kwa Kiswahili, saa ngapi asubuhi, nitakujibu kwa Kiswahili. Saa mbili asubuhi ni watoto wameshaingia darasani na jua limeanza kuuma. Ile mashine iliniuliza kwa lugha yangu, kisha ikalisikiliza jibu kwa saa ya Kizungu. Ikarusha tangazo la bibi saa nane ya usiku, saa tisa ya usiku, saa kumi alfajiri. Na yenyewe inaita hiyo asubuhi! Mswahili gani aliyewahi kuita saa nane ya usiku asubuhi?

Mimi sikujua lolote. Asubuhi ile nilikuwa na ruhusa, niko msibani Minjila pamoja na wanawake wengine. Nyumba ya msiba haifunguliwi redio, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunishtua. Maji ya kuoshea yalikuwa tayari, sanda iko tayari, tunamngoja binti. Wakubwa wakaanza kuulizana kama amepata habari. Mimi ndiye niliyewatuliza.

"Amesikia," nikawaambia. "Nimeliweka saa mbili, saa tatu na saa nne. Yuko njiani huyo."

Wakaniamini, kwa sababu mimi ndiye mama wa redio. Wakangoja, wakangoja, hadi yule ndugu wa marehemu akaja mlangoni akasema jua halingoji mtu. Tukamwosha. Aliyekuwa akimimina maji ni mimi, pale ambapo angesimama binti yake.

Kesho yake nikaenda studio nikiwa nimewaka. Nilidhani umeme ulikatika, au mtu amefuta. Fundi akafungua kumbukumbu za mashine, akasoma, akashika kichwa.

"Lilitoka, mama. Mara zote tatu. Lakini usiku."

Alinieleza, na hakunilaumu, nampa haki yake. Tena akasema dawa yake ni ndogo: kwenye ule ule mstari unaongeza neno jingine, maneno yanabaki Kiswahili, saa inaachwa na hesabu ya ishirini na nne, isiyo na asubuhi wala alasiri ya uongo. Ni kazi ya kupepesa jicho.

Meneja hakutaka kusikia. "Si niliwaambia? Kiswahili kimetuletea aibu. Rudisheni Kiingereza."

"Kiswahili kimekosa nini?" nikamwambia. "Waliotafsiri walitafsiri maneno wakaiacha saa. Iliyokosea ni saa."

"Mama, ungesoma Kiingereza haya yote yasingetokea."

"Na wewe ungeniruhusu tukajaribu mchana, mbele yako, badala ya kunifanya nijifiche na alama yangu kama mwizi, haya yote yasingetokea vilevile!"

Akatoka. Alama yangu ikafutwa siku hiyo hiyo. Sasa narekodi, namsubiri fundi, na wafiwa wamerudi kwenye benchi. Sioni mtu mwingine anayekasirika. Wenzangu wananiambia nipoe, ni kompyuta tu.

Sikupoa. Niliona lazima nimfuate yule binti, nimweleze mwenyewe kabla hajaelezwa na wengine. Njia ya Chara ilikuwa matope, nikafika na viatu mkononi. Nilimkuta kwenye mkeka, ameshapata habari kwa mdomo wa watu, macho yamevimba. Akanikaribisha maziwa. Nilimweleza yote: kisanduku, asubuhi, usiku, fundi, meneja. Nilieleza kwa hasira, mikono ikienda huku na huku, nikitaka akasirike pamoja nami.

"Mama yangu, nani aliosha?" akauliza.

Nikamtajia wanawake, mmoja mmoja. "Na mimi nilimimina maji."

Akaitikia kwa kichwa. Redio yake ndogo ilikuwa pale kando ya mkeka, imezimwa, betri zimefungwa kwa mpira. Akaitazama.

"Saa mbili asubuhi mimi ilikuwa nayo hapa," akasema, akigusa paja lake. "Nangoja kama kuna tangazo. Nyinyi mlikuwa mnapiga nyimbo. Ilikuwa nyimbo nzuri, nikaongeza sauti."