Tambi za Kumchangia Glenna

Siku hizi nikisikia harufu ya mchuzi wa nyanya nashikwa na kichefuchefu, na mtu asiniambie ni uzee. Mchuzi wenyewe si mbaya. Kwa miaka mingi aliyeupika ni wifi yangu Glenna, mjane wa kaka yangu, na hapa kwetu Marekani, kando ya mto Ohio, hakuna anayemfikia. Nyumba ya mtu ikiungua, mtoto akizaliwa na moyo mbovu, fundi akianguka kutoka juu ya paa, tunakusanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa zimamoto. Tunapika tambi, tunauza sahani, tunanadi keki, na mwenye shida anakabidhiwa kilichopatikana. Tunajisifu kweli kweli kwamba sisi ni watu wa kusaidiana. Hatujiulizi imekuwaje nchi tajiri namna hii ikawa inatibiwa kwa tambi.

Glenna ana saluni katika chumba kilichokuwa gereji ya kaka yangu. Mwaka jana, majani yalipoanza kupukutika, paa lake lilivuja mpaka kitandani. Akapatana na wakata mbao awauzie miti minne mikubwa ya jozi, yenye mbao za bei kubwa, iliyokuwa nyuma ya nyumba, wamlipe Januari. Nilimpongeza. Miti ile haikuwa na kazi nyingine ila kuniangushia matunda juu ya gari.

Kisha ukafika msimu wa kujiandikisha bima. Glenna hununua ile bima ya watu wasio na mwajiri wa kuwalipia, na kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa ikimbebea sehemu kubwa. Safari hii wakubwa wa Washington walibishana, wakanyoosheana vidole, wakaiacha nyongeza ya ruzuku ife, wakaenda likizo. Ukarudi mstari wa zamani: kipato chako kikiuvuka, hupati msaada hata senti.

Tulikwenda pamoja maktaba, ambako kuna dada anayewasaidia watu kuchagua bima.

"Bila fedha za hiyo miti, mwakani uko chini ya mstari, mama," yule dada akamwambia. "Ukiijumlisha, umevuka kidogo."

"Basi si wanipunguzie kidogo?"

"Hapana, mama. Ukivuka umevuka. Malipo yako ya mwezi yatakuwa karibu mara tatu."

"Mara tatu! Hiyo bima itanifulia na nguo?"

Nikamvuta pembeni. "Usiseme habari za miti, wifi. Nani atajua?"

"Halafu wakati wa kodi waje kunidai yote? Mimi uongo hata kwa kaka yako ulinishinda." Akachukua mkoba wake. "Nitakaa hivi hivi mpaka nifikishe sitini na tano, serikali inipokee kwenye bima yake ya wazee. Sijalala hospitali tangu nijifungue."

Ndivyo alivyoiacha bima. Mwanamke anayepaka nywele rangi ili aonekane kijana akaanza kuomba Mungu azeeke upesi. Ningecheka kama si hasira.

Machi akaanza kuona damu chooni. Alinificha, nikaja kujua alipokuwa tayari ameshaonana na daktari. Daktari alitaka aingizwe kamera kwa chini, aangaliwe utumbo wote. Walipomtajia bei, Glenna alicheka mpaka mpokezi akamletea maji. Fedha za miti zilikuwa zimeshamezwa na paa.

Basi Nadine, mwenyekiti wetu wa tambi, akapanga Jumamosi. Picha ya wifi yangu ikabandikwa kwenye chupa ya sadaka kaunta ya kituo cha mafuta, kati ya sigara na tiketi za bahati nasibu. Nililipia petroli nikiitazama, nikatamani kuinyakua niondoke nayo.

Siku yenyewe Glenna alifika mapema, akafunga aproni, akaenda moja kwa moja jikoni. Nadine akamfuata.

"Shoga, leo hupiki. Leo unakaa mlangoni."

"Mtaharibu mchuzi."

"Uharibike. Watu wanakuja kukuona wewe. Na hiyo rangi ya mdomo, ifute."

"Ina nini?"

"Unapendeza mno, Glenna. Watadhani umeshapona."

Akaifuta kwa karatasi ya kufutia mikono. Nilisimama pale na mwiko mkononi, kisha nikarudi kukoroga mchuzi. Nadine hakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Ulipofika mnada, zikaletwa keki mbili zilizofungwa utepe. Moja ilitoka ofisi ya chama hiki cha siasa, ya pili ofisi ya chama kile, kila moja na kadi: tunakuombea. Mnadi wetu Delbert, ambaye siku nyingine huuza ng'ombe, aliona biashara papo hapo.

"Mnawaacha wale wawashinde?" akapaza sauti. "Nani anaongeza? Wewe baba, mkono umekufa ganzi?"

Majirani waliokuwa wamenuniana tangu msimu wa bima, kila mmoja akisema kosa ni la chama cha mwenzake, sasa wakaanza kukomoana kwa keki. Walipandisha bei kwa chuki tupu. Keki zile za unga wa dukani zikaingiza zaidi ya tambi zote, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na Glenna pale mlangoni, midomo myeupe, akapiga makofi pia.

Fedha zikatosha kamera. Kamera ikauona uvimbe, na daktari akasema ukatwe bila kuchelewa. Hospitali ikauliza bima iko wapi. Msaada wao wenyewe nao una mstari, na miti ile minne imeuvuka huo pia. Bima mpya? Dirisha la kujiandikisha linafunguliwa Novemba, na bima yenyewe inaanza kazi Januari.

"Tutapika tena," Nadine akasema.

"Watu hawali mara mbili kwa mgonjwa mmoja," Glenna akamjibu. "Nimepika vya kutosha, najua." Nadine akafungua daftari lake: Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya mkulima aliyekatwa mkono na mashine.

Sasa ni Julai. Juzi nilikuwa nikifagia saluni, akaingia mama mmoja wa mji wa mbali kutengenezwa nywele za harusi ya binti yake. Akamtazama wifi yangu kwenye kioo, kiuno mpaka miguu, kwa wivu wa kweli.

"Dada, umekonda vizuri! Hebu niambie, unafanya nini?"

Glenna akaendelea kumchana.

"Nangoja Januari," akasema.

Yule mama akacheka, akamwambia na yeye atajaribu.