Lugha Tuliyoyatungia Mazimwi

Harufu ya muthokoi, yale mahindi ya kutwangwa, ukichemka na mbaazi hunirudisha kwa Susu, bibi yangu, kule karibu na Ikutha. Alitwanga mahindi hayo huku akitusimulia mimi na binamu yangu Mwende habari za mazimwi. Mazimwi yake hayakusema Kikamba wala Kiswahili, yalinguruma tu.

Tulikuwa darasa la nne, na shuleni kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyenaswa akisema Kikamba alivishwa shingoni mpaka amnase mwingine, na aliyemaliza siku akiwa nacho alichapwa. Mwende hakuwa na moyo wa kumsaliti mtu, basi kibao kikawa chake kila jioni. Hatimaye akanyamaza kabisa, hata nyumbani. Susu akimwita, anatikisa kichwa tu. Niliogopa, nasema kweli, kwamba hatazungumza tena. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku moja tukiokota kuni nikamwambia tuyatungie mazimwi ya Susu lugha, maana hiyo hakuna sheria iliyoikataza. Nikamwuliza, zimwi likikataa husema nini? Alifikiri sana, kisha akatoa mlio wa mchi ukigonga kinu: "Ndwi." Hilo likawa neno letu la kwanza, na sauti yake ya kwanza baada ya wiki mbili.

Kufikia mwisho wa muhula tulikuwa na maneno ya mvua, njaa, mto na kicheko, na darasa zima liliyajua. Mwalimu akatukamata.

"Hiyo ni Kikamba gani?"

"Si Kikamba, mwalimu," nikasema. "Ni ya mazimwi."

Akamnyooshea Mwende kibao akivae. Mwende akakitazama, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Ndwi." Nyuma yetu madawati yote yakaitikia. Mwalimu alituchapa sote, na mkono ukamchoka kabla hatujaisha. Kibao kile sikukiona tena.

Sasa naandika kitabu cha ulimwengu wa mazimwi hayo. Mhariri mmoja wa Nairobi ameniandikia kwamba niyazungumzishe Kiingereza, ndipo kitabu kiuzike. Amenisihi kwa upole, bila kiboko, lakini shingo yangu inakijua kibao. Nikampigia simu Mwende, ambaye siku hizi anauza mbuzi sokoni Ikutha na hakuna anayemshinda kwa maneno. Nikamsomea barua yote. Hakucheka.

"Umemjibu?"

Nikasema bado.

"Sasa si unajua neno lenyewe."

Nimemjibu mhariri leo asubuhi. Barua yangu ina neno moja, na sikulitafsiri.