Barua ya Tatu kwa Wateja wa Viwanja

Ofisi yetu ya viwanja pale Tunduma ilikuwa na meza mbili, ramani moja ukutani na spika moja nyekundu ya kuning'iniza begani. Ramani niliipenda kwa sababu ilikuwa kimya. Spika niliiogopa. Kaka aliyekuwa akiibeba alikuwa anasimama kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, anaita watu kwa Kiswahili mpaka kinaisha, kisha anaendelea kwa Kibemba. Siku moja aliacha kazi akahamia upande wa pili wa mpaka kuuza vitenge. Tangu hapo bosi akawa anaitazama spika, halafu ananitazama mimi.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa kufungua ofisi, kufagia na kujaza fomu za wateja, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nimeishia darasa la saba kijijini kwetu Hasamba. Naandika polepole sana, neno moja nalifikiria kabla ya kulishusha. Kuongea mbele za watu siwezi kabisa. Kanisani nikitakiwa kusoma tangazo Jumapili, nampa mwenzangu karatasi tangu Ijumaa.

Kilichoniokoa ni simu ya bosi. Aliona kampuni moja ya Dar es Salaam inatuma jarida kwa wateja wake kila mwezi, akarudi ofisini amechangamka.

"Binti, wewe huongei, si ndiyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi utaandika. Kila mwezi barua moja kwa wateja wote. Wenye simu kubwa tunawatumia kwenye simu, wengine tunawachapia wachukue kwenye maduka ya pembejeo. Nakupa barua tatu. Ya tatu isipofikisha mtu kule saiti kwenye viwanja, unavaa hii." Akaigonga spika kwa kidole, nayo ikalia.

Barua ya kwanza aliitunga mwenyewe, mimi nikaandika. Ilianza: "Mteja wetu wa thamani, ishi maisha ya ndoto zako." Aliweka picha ya nyumba nyeupe yenye bwawa la kuogelea, ambayo aliitoa sijui wapi. Saiti yetu wakati huo ilikuwa shamba la mahindi lililovunwa, lenye bikoni za zege za kuonyesha mipaka na mbuzi waliozizoea bikoni hizo wakawa wanajikunia. Barua ilisema ni dakika tano kutoka barabara ya lami. Mimi niliwahi kutembea kutoka lami hadi pale. Kwa muda huo maharage yangeweza kuiva.

Tulipata jibu moja. Dereva mmoja wa lori aliuliza kama bwawa lile lina maji, kwa sababu anakopanga hakuna, na kama anaweza kuja na ndoo.

Barua ya pili bosi aliniachia. Mimi barua najua ya aina moja tu, ile tuliyofundishwa shuleni na mwalimu wetu wa Kiswahili. Unaanza na salamu, unaeleza hali yako, unauliza ya mwenzako, ndipo unafika kwenye dhumuni. Na nyumbani kwetu ndivyo mtu anavyoleta habari pia. Huwezi kufika kwa watu ukaanza na shida yako. Kwanza salamu, kisha wagonjwa, kisha waliofariki, kisha mvua na mazao, na jambo lililokuleta linakuja mwishoni kabisa, unapokuwa umeshasimama unaaga. Basi niliandika hivyo. Nikawauliza wateja kama kahawa imechanua vizuri na kama watoto wamepona mafua. Viwanja niliviweka mstari wa mwisho.

Majibu yalijaa simu. Mama mmoja wa Itaka alieleza ugonjwa wa goti lake tangu ulipoanza. Mzee mmoja wa Isongole alituma sauti ya dakika nne yenye salamu za watu wote wa nyumba yake, na jogoo ndani yake. Bosi aliisikiliza yote, akitumaini kwamba mwishoni mzee atataja kiwanja.

"Huyu hata jogoo wake ananisalimia," alisema. "Lakini saiti amekwenda nani?"

"Hakuna, bosi."

"Hawa wametafuta ndugu, wamempata. Mimi nimetafuta wanunuzi." Akaisogeza spika upande wa meza yangu, karibu na kalamu.

Kwa barua ya tatu niliamua kwenda saiti kutazama kuna nini cha kusimulia. Kulikuwa na nyumba moja tu jirani, ya bibi mmoja aliyekuwa amekataa kuuza kipande chake. Alikuwa ameketi nje anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni wa wale wanaopanda mawe?"

"Mawe gani, bibi?"

"Hayo ya zege. Mmepanda tangu mwaka jana, hata moja halijaota."

Nilicheka bila kutaka. Akanipa maji, akanipa gunzi na mahindi nimsaidie, na kwa sababu yeye alikuwa anaongea kwa wawili, nilikaa sana.

"Bosi wako alikuja hapa," alisema. "Akaniambia nyumba yangu inaharibu mandhari. Nikamuuliza, mandhari ndiyo nini? Akasema ni vile panavyoonekana. Nikamwambia panaonekana hapana watu. Mimi watoto wangu wawili wako mbali, wa tatu alitangulia. Nikifa leo, nani atachimba? Mbuzi?"

"Wateja watajenga, bibi."

"Wanajua kuzika hao?"

"Sijui, bibi."

"Si wewe ndiye unayewaandikia? Waulize."

Nilirudi nikaandika maneno yake yote kwenye daftari, kwa siku mbili. Nilitaka kuwaambia wateja kwamba kuna bibi anayewasubiri. Nilikuwa nimebakiza mistari ya mwisho asubuhi moja, bosi akiwa amevuka kwenda Zambia kwa shughuli zake, pale balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule wa saiti alipopita ofisini kuuliza kama tunaweza kumwazima turubai. Akasema bibi alikuwa ameamka vizuri, akanywa uji, akalala tena, hakuamka.

Nilikaa na daftari langu. Siku ya kutuma barua ilikuwa ile ile. Bosi simu yake haikupatikana. Mwandishi mwingine wa matangazo angeacha habari ya jirani akaandika ya barabara. Lakini mimi nisingeweza kuwasalimu watu halafu nikaruka msiba nikaenda kwenye bei. Hiyo kwetu hata mlevi hafanyi. Basi niliandika hivi:

"Wateja wetu wapendwa, salamu. Tunasikitika kuwajulisha kuwa jirani yenu wa viwanjani, bibi aliyekuwa akiwasubiri mjenge, amefariki leo asubuhi. Maziko ni kesho saa nane mchana, nyumbani kwake. Viwanja bado vipo."

Nikatuma kwa wote. Baada ya kubonyeza ndipo niliposoma ule mstari wa mwisho nikaona aibu.

Majibu ya kwanza yalikuwa "pole." Yaliyofuata yalikuwa "tunakuja." Sikuyaamini. Ila kesho yake, kabla ya saa nane, bodaboda na pikapu zilikuwa zimefika saiti. Wale waliokwisha kununua walikuja kwa sababu mtu mwenye bikoni ubavuni mwa nyumba ya marehemu ni jirani, na jirani asiyefika msibani atajificha wapi siku akija kujenga? Waliokuwa hawajanunua walikuja kwa sababu barua iliwaita majirani, nao hawakujua namna ya kuikatalia. Mama wa Itaka alifika na debe la unga, akichechemea. Mzee wa Isongole alikuja na mikungu ya ndizi, bila jogoo. Dereva wa lori alikuja na ndoo zake, zimejaa maji. Wanaume walivua makoti wakaingia kaburini kwa zamu. Bikoni zetu zilikaliwa kama viti.

Ukafika wakati wa salamu za rambirambi. Kwaya ilikuwa imemaliza, mchungaji amekaa, na kipaza sauti cha kanisa kilikuwa kimeishiwa chaji. Balozi akaniomba ufunguo, akamtuma kijana wa bodaboda ofisini kwetu. Akarudi na spika nyekundu.

Mtaa ukatoa salamu, kikundi cha akina mama kikatoa salamu. Kisha balozi akasema ndani ya spika, "Sasa majirani wa viwanjani. Mnasemewa na nani?"

Watu wakatazamana. Mama wa Itaka akauliza kwa sauti, "Aliyeandika barua yuko wapi?"

Nilikuwa nyuma ya sufuria za ubwabwa. Dereva alinionyesha kwa kidole bila huruma yoyote.

"Njoo, mwanangu," balozi akasema. "Neno fupi tu."

Hivyo ndivyo nilivyoivaa. Mkanda wake ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Sikuwa na neno fupi wala refu, nilikuwa na daftari. Nikalifungua nikasoma polepole kama ninavyoandika: "Bibi alisema panaonekana hapana watu. Alisema niwaulize kama mnajua kuzika. Sikuwahi kuwauliza." Nikapumua. Spika ile haijui kunong'ona, pumzi yangu ilisikika hadi barabarani. "Basi bibi, wamekuja."

Nikafunga daftari. Akina mama waliokuwa wamenyamaza wakaanza kulia upya, nami nikatafuta pa kuiweka spika, mzigo wa watu.

Bosi alirudi siku iliyofuata, barua ameisoma njiani. Hakuketi.

"Umeweka maiti kwenye tangazo langu!"

"Ndiyo, bosi."

"Halafu chini yake, viwanja bado vipo!"

"Nilikosea, bosi."

Alikuwa anaendelea kunifokea pale mlango ulipogongwa. Alikuwa mama wa Itaka na mumewe. Bosi akageuza uso papo hapo, akaanza kuwaeleza habari za lami na dakika tano. Yule baba akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Umbali tumeuona," akasema. "Na watu tumewaona wakishika majembe. Sisi tunataka pale karibu na yule bibi. Atupeleke binti aliyesoma pale msibani."

Kabla ya jua kuzama walikuwa wamepita wengine wawili, na wote hawakuuliza maji wala umeme. Ndipo bosi akaketi.

"Tulikubaliana barua ya tatu ifikishe mtu saiti," alisema. "Imefikisha. Spika nitaitafutia mtu mwingine." Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. "Ila wateja wanakutaka wewe. Kuanzia Jumatatu unawapeleka saiti na kuwaeleza kila kitu." Akachukua simu yake, akasita. "Na ile barua ya mwezi ujao. Kule saiti hakuna jirani mwingine anayeumwa?"

Jumatatu niliongozana na wale wawili wa Itaka. Nilitangulia mbele, wao nyuma, na mpaka tunaiona nyumba ya bibi nilikuwa nimesema tu "twendeni" na "angalieni mtaro."

"Binti," yule mama akaniita, ameshika goti. "Msibani uliongea vizuri mpaka ukatutoa machozi. Leo mbona kimya?"

"Leo sijaandika, mama," nikamjibu.

Akakaa juu ya bikoni kupumzika. "Basi andika," akasema. "Hatuna haraka."