Kamba za Mang'ula

Mwaka ule nilichoka mpaka uchovu ukawa kama mtu wa nyumbani. Mavuno yalikuwa yamekwisha, tumerudi Ifakara kutoka shambani ng'ambo ya mto, lakini mwili wangu bado ulikuwa unaamka alfajiri kuwawahi ndege. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akala, akalala, akaondoka. Kazi ya kuamia ndege wasile mpunga ilikuwa yangu na wanangu wawili.

Asiyewajua ndege hao hajalima mpunga bondeni kwetu. Punje zikianza tu kutia maziwa, wanashuka kama walioalikwa. Sisi hujenga dungu, jukwaa la miti lililo juu kuliko kimo cha mtu, na kutoka pale hutandaza kamba zenye makopo matupu hadi kila pembe ya shamba. Mtoto hukaa juu tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Kundi likitokea anavuta kamba, makopo yanapiga kelele, naye anapiga zake. Baada ya majuma machache mkono huvuta wenyewe, bila kungoja kichwa.

Katikati ya masika ufito wa dungu ulikatika, binti yangu wa miaka minane akaanguka. Matope yalimwokoa, hakuvunjika hata kidole. Lakini tangu siku ile hakupanda kitu. Hakupanda dungu, wala lori la kuturudisha mjini mpaka alipobebwa, wala hata kigoda cha kufikia chumvi. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwahidi gauni. Kaka yake akabaki juu peke yake mpaka tukavuna, na shule ikawa inamsikia kwa jina tu.

Hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Mwakani yule kaka angeingia darasa la saba, na mwalimu wake alikwisha kuniambia waziwazi kwamba mtoto wa darasa la saba haondolewi shuleni kwa ajili ya ndege. Alikuwa na akili nzuri mwanangu, kila mtu alisema. Kwa hiyo dada yake ilibidi apande tena, maana mimi nilikuwa na palizi, maji na sufuria. Isitoshe, mimi na mahali pa juu hatujawahi kupatana. Hilo sikumwambia mtu.

Ndipo jirani akanisimulia kwamba kule Mang'ula, pembeni mwa msitu, kijana mmoja wa Kizungu aliyekuja kujitolea alikuwa amefunga ngazi na kamba kwenye miti ili watoto wacheze, na kwamba watoto wakishapanda hawataki kushuka. Nikaona hapo pana ujanja. Mchezo ungemtoa binti yangu woga bila mwenyewe kujua. Dawa ya moto ni moto, nilijiambia, nikakaanga vitumbua, tukapanda treni ya asubuhi.

Yule kijana alitupokea vizuri. Watoto walimwamkia shikamoo, naye akawajibu shikamoo, wakacheka mpaka wakakaa chini. Alikuwa amejenga vibaraza vya mbao kwenye miti mikubwa, na kati ya mti na mti akakaza kamba mbili, ya chini ya kukanyaga na ya juu ya kushika. Kila anayepanda alifungwa mkanda kiunoni, ukaunganishwa na kamba ya juu. Mwanangu wa kiume alivuka miti yote kama ngedere, kisha akaanza upya, na yule kijana akimfuata kwa nyuma.

Binti alikaa chini ya ngazi ya mti wa kwanza, magoti yamegusa kidevu. Nilimwambia ajaribu. Akatikisa kichwa. Nilimwambia kuna mkanda, hawezi kuanguka. Akaniuliza kama mimi ningepanda. Sijui nilitegemea swali gani jingine. Nilikuwa nimechoka hata kutunga uongo, basi nikapanda.

Nilikuwa nimevaa suruali ya mume wangu chini ya kitenge, na kwa suruali hiyo nilimshukuru Mungu baadaye. Kibarazani kijana alinifunga mkanda, akasema "polepole, mama," akarudi kwa mwanangu aliyekuwa miti miwili mbele. Nikakanyaga kamba. Ikatetemeka, au ni mimi niliyetetemeka. Nilisogea hatua tatu au nne, nikasimama. Kwenda mbele sikuweza, kurudi nyuma sikuweza.

Ndege wakatokea wakati huohuo. Wingu zima la kwelea liliinuka kutoka mashamba ya upande wa reli, likapita chini chini kuja kwetu. Mkia wa ile kamba ya juu ulikuwa umeachwa ukining'inia kando ya shina hadi chini, alipokaa binti yangu. Alipowaona ndege hakufikiri. Aliudaka kwa mikono miwili, akapiga ukelele wa shambani, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kamba ilinitoka mikononi. Nikajikuta naning'inia kwenye mkanda, miguu hewani, kitenge kikielekea Mikumi. Kijana alipiga kelele kutoka mbali, akaanza kurudi, lakini alikuwa na mwanangu kwenye kamba na hakuweza kukimbia. Mimi nilifumba macho nikaita majina ya watakatifu wote niliowakumbuka.

Nilipofumbua, binti yangu alikuwa juu kibarazani. Alikuwa amekumbatia shina kwa mkono mmoja, analia bila sauti, makamasi yanatiririka. Kwa mguu aliisukuma kamba ya chini mpaka ikanigusa unyayo.

"Kanyaga, mama," alisema. "Nilidhani tuko shamba."

Nikakanyaga, nikarudi nyuma kidogo kidogo. Akanipa mkono wake, mdogo, una jasho, nikajivuta mpaka kibarazani. Tulikaa pale tumeshikana, na nikasikia mwili wake wote unatetemeka kama wangu. Furaha ilinijia, siifichi. Nikafikiri: amepanda, imekwisha, mwakani tumepona. Nilikuwa nafungua mdomo kumsifu.

Akanitangulia. "Mama, nimepanda. Sasa naomba nisipande tena."

Hakusema kwa deko. Alisema kama mtu mzima anayeomba kupumzika, na mimi kuomba kwa namna hiyo nilikujua vizuri, kwa sababu nilikuwa naomba hivyo kila siku bila kuwa na wa kumwambia. Nikamjibu, "Basi, hutapanda."

Msimu uliofuata kaka yake alibaki mjini kwa shangazi yake, akasoma. Binti alishika sufuria na ndoo, palizi tukaigawana kabla ya mpunga kutia maziwa. Dungu nilipanda mimi. Nilikaa katikati kabisa, nikiuchukia kila ufito. Upepo ukivuma, miti ikilia, yeye aliacha kupepea moto akasimama chini yangu, mikono ameinyoosha, kana kwamba angeweza kunidaka.

"Mama, umeshika?"

"Nimeshika."

Hapo ndipo aliporudi jikoni.